C Imejaa, D Imelala

Mwalimu mmoja wa upande wa Ipinda aliniletea laptopu yake mwezi Aprili, imefungwa kwanza kwenye khanga ya mkewe, halafu ikatiwa kwenye kiroba cha mchele, maana mvua ilikuwa haijakata tangu usiku. Mimi nina steshenari mjini Kyela. Natoa kopi, naskani vyeti, naprinti barua, nawajazia watu maombi ya mikopo ya chuo na ya kazi serikalini. Ufundi wa kompyuta haumo kwenye kibao cha duka. Umekuja wenyewe, kwa sababu mtu akikuona unachapa haraka anaamini na kutengeneza unajua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu iangalie hii. Nimeandika mtihani wa Jiografia kurasa nne, nabonyeza kuhifadhi, inakataa. Inasema diski imejaa. Imejaa nini? Mimi si mtu wa miziki."

Nikafungua "This PC". Mstari wa C ulikuwa mwekundu mpaka ukingoni. Kati ya GB 119 zilibaki MB 212. Pembeni yake ilikuwepo D, GB 465, haina hata faili moja. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuitumia. Akasema aliyemuuzia alimwonya: "D usiiguse, ni ya mfumo." Miaka miwili mzee wa watu amebanana na mizigo yake chumba kimoja, na uani kuna ghala tupu.

Laptopu zenye mpango huu zimejaa huku. Nyingi zimeshatumika ofisini huko nje kabla hazijafika Mbeya na kushuka kwetu: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Muuzaji anazifungia SSD ndogo ili ziwake haraka mbele ya mteja, na diski ya zamani, ile ya sahani inayozunguka, anaiacha ndani kwa ajili ya nafasi. Mpango wenyewe mzuri. Windows na programu zikae kwenye SSD yenye mbio, vitu vyako vikae kwenye diski kubwa isiyo na haraka. Ila Windows haijui kuwa huo ndio mpango. Isipoambiwa, kila picha, kila barua na kila kitu unachopakua itakiweka C, ndani ya folda ya "Users", mpaka siku C inapokataa.

Kama unajiuliza kwa nini diski iliyoandikwa 128 inasoma 119, na ile ya 500 inasoma 465: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujaibiwa.

Na wazo la kutenganisha mfumo na mali za watu si la jana. Mwaka 1974 Dennis Ritchie na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, walichapisha maelezo ya mfumo wao wa Unix. Kompyuta waliyoieleza ilikuwa na diski ndogo ya MB 1 na nyingine kubwa ya MB 40. Mzizi wa mfumo waliuweka kwenye ile ndogo. Mafaili ya watumiaji yakakaa kwenye ile kubwa. Ni laptopu ya mwalimu kabisa, tofauti ni sifuri tu. Hadi leo wanaotumia Linux wengi wanaitenga folda ya "home" kwenye sehemu yake ya diski tangu siku ya kwanza. Sisi wa Windows tunasubiri mstari uwe mwekundu.

Kabla hujahamisha chochote, jua unahamisha nini. Nenda "Settings", kisha "System", kisha "Storage", uiache ihesabu. Kwa mwalimu, Windows yenyewe na masasisho yake ilichukua kama GB 30, na folda yake ndani ya "Users" ilifika GB 74. Tukaifungua. "Downloads" peke yake ilikuwa GB 31. "Videos" 22, karibu zote za mahafali. "Pictures" 9. "Documents", kazi zake zote za miaka miwili ambazo ndizo alizokuwa anaziogopea, GB 4.

Ile "Downloads" ilikuwa kichekesho. Waraka mmoja ulipakuliwa mara saba, umejiandika 1, 2, 3 hadi 6 mwishoni mwa jina, kwa sababu kila akiuhitaji anarudi WhatsApp kuupakua upya badala ya kuutafuta. Vitabu vya TET vya masomo asiyofundisha. Programu alizozisimika mwaka juzi na kuyaacha mafaili ya kusimikia palepale. Tulifuta GB 12 tukiwa tunakunywa chai, na nakushauri na wewe uanze hivyo, maana kuhamisha takataka ni kujipa kazi mara mbili. Ukishafuta, kumbuka kumwaga "Recycle Bin". Faili lililofutwa kutoka C linaendelea kukaa C, kwenye pipa, mpaka pipa limwagwe. Nimeona watu wanafuta jioni nzima, mstari mwekundu hausogei, wakadhani kompyuta ina kirusi.

Hapa niseme na wenzangu wa steshenari. Kompyuta yangu ya dukani ilipojaa, nilikuta kwenye "Downloads" vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na matokeo ya kidato cha nne vya watu wasiopungua mia tatu, wengi siwakumbuki sura. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuvisogeza D vikakae. Halafu nikajiuliza vikae kwa ajili ya nani? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zisikae kwako kuliko muda wa kazi aliyokupa. Mteja alikuja kuskani cheti, akalipa, akaondoka. Cheti chake kwenye diski yangu hakina kazi tena. Nilifuta. Sasa kila Ijumaa jioni nafuta vya wiki, na mteja anayetaka nimhifadhie namtumia kwenye barua pepe yake mwenyewe. D yangu ina nafasi ambayo sikuitarajia.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kawaida ni kuikata folda ya "Documents" kule C na kuibandika D kama unavyohamisha faili la kawaida. Usifanye hivyo. Folda hizi, yaani "Documents", "Downloads", "Pictures", "Videos", "Music" na "Desktop", zina anwani iliyoandikwa ndani ya kumbukumbu za Windows. Word ikitaka kuhifadhi barua haiendi kutafuta folda, inaiuliza Windows, "Documents inakaa wapi?" na kwenda inakoelekezwa. Ukibeba mizigo bila kubadilisha anwani, ni kama mtu aliyehama mji akaacha S.L.P. yake ya zamani kwenye kila barua: barua zitaendelea kwenda kulekule. Tunachotaka ni kubadilisha anwani. Mizigo itafuata.

Anza D. Tengeneza folda moja yenye jina lako. Ya mwalimu tuliiita "Mwalimu". Ndani yake tengeneza nyingine nne na uzipe majina yaleyale: Documents, Downloads, Pictures, Videos. Kisha nenda C, "Users", folda ya jina lako. Bofya "Downloads" kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties". Juu utaona vichupo kadhaa. Fungua kinachoitwa "Location". Hapo utasoma anwani ya sasa, inayoanza na C. Bonyeza "Move", nenda D, ingia "Mwalimu", chagua "Downloads" uliyoitengeneza, bonyeza "Select Folder", halafu "Apply". Windows itakuuliza kama unataka mafaili yote yaliyoko kwenye anwani ya zamani yahamie kwenye mpya. Jibu "Yes", uache ibebe.

Folda uliyoitengeneza mwenyewe haina kichupo cha "Location", kwa sababu haina anwani ya pekee. Hiyo ikate na kuibandika tu.

Nilianza na "Downloads" makusudi. Ndiyo yenye uzito mkubwa na thamani ndogo, kwa hiyo kama kuna tatizo litokee huko. Ikishahama, pakua kitu kidogo mtandaoni uone kinatua wapi. Kivinjari kama Chrome wakati mwingine kinashikilia anwani yake ya pekee. Kikiendelea kutupia C, fungua mipangilio yake, sehemu ya "Downloads", ubadilishe huko. Halafu rudia hatua zilezile kwa "Videos", "Pictures" na mwisho "Documents". GB 54 zilizobaki za mwalimu zilitumia zaidi ya nusu saa. Video ni faili kubwa, zinakwenda mbio. Picha ndogondogo maelfu kwa maelfu ndizo zinazochelewesha.

Nusu saa hiyo ndiyo ya kuiheshimu. Windows ikihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine inanakili upande huu na kufuta upande ule. Umeme ukikatika katikati utabaki na nusu huku, nusu kule, na pengine faili moja lililokatika kiunoni. Huku kwetu umeme unajulikana. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, na ujue betri yake inakaa dakika ngapi kwa kweli, si dakika inazodai. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianze kazi hii kukiwa na radi juu ya milima ya Livingstone. Na "Documents" za mwalimu, zile GB 4 tu, nilizinakili kwanza kwenye flashi yangu kabla ya kugusa chochote. Dakika tano, ila mikono yangu haikutetemeka tena.

"Desktop" sikuihamisha, ingawa inahamishika kwa njia ileile. Wengine watabishana nami. Naona ni bora ibaki C, ila isigeuzwe ghala; weka njia za mkato tu, kazi zenyewe zikae "Documents". Siku diski ya D ikigoma, angalau kompyuta itawaka na utauona uso wake wa kawaida, badala ya kupokewa na ujumbe kwamba mahali hapo hapapatikani.

Kuna kosa jingine ambalo nililifanya mwenyewe, kwa hiyo nalijua vizuri. Kwenye kompyuta ya duka niliielekeza "Documents" kwenye D yenyewe, D tupu, bila kutengeneza folda ndani yake. Niliona nimefupisha kazi. Matokeo yake D nzima ikawa ndiyo Documents. Nilipotaka kurekebisha kwa kubonyeza "Restore Default", Windows ikajiandaa kubeba kila kilichomo D, pamoja na video za watu na nakala za programu, kukirudisha C isiyo na nafasi. Ukiingia mtego huo, swali la kuhamisha mafaili lijibu "No": anwani itarudi C, mafaili yatabaki D, nawe utayapanga kwa mkono polepole. Vilevile Windows ikikuuliza kama kweli unataka kuelekeza folda moja ya mfumo ndani ya nyingine, jibu "No" na uangalie ulichochagua, kwa sababu folda mbili zikishachanganywa hazitenganishiki kirahisi.

Kuhusu OneDrive. Laptopu nyingi ukiziwasha mara ya kwanza na kuingiza akaunti ya Microsoft zinaichukua "Documents", "Pictures" na "Desktop" na kuziweka chini ya folda ya OneDrive, hukohuko C, kisha zinaanza kuzipandisha mtandaoni kwa bando lako. Nafasi ya bure ni GB 5. Dalili yake ni kwamba kwenye "Location" unakuta neno OneDrive ndani ya anwani, na "Move" inakataa. Fungua mipangilio ya OneDrive, sehemu ya kuhifadhi nakala, uzime folda moja moja kwanza. Usishtuke ukiona "Documents" imekuwa tupu baada ya kuzima. Mafaili mara nyingi yamebaki ndani ya folda ya OneDrive, yahamishe kutoka huko. Mwenye bando la ofisi na intaneti isiyokatika anaweza kuiacha OneDrive iendelee na kuihamishia folda yake D. Kwa mwalimu anayenunua bando la siku, niliizima.

Viko vitu ambavyo havihamishwi. "Program Files" iache. "AppData", folda iliyofichwa ndani ya jina lako, iache pia, hata ukiiona ina GB 8 kama ya mwalimu. Humo programu zinaweka mambo yao ya ndani, na WhatsApp ya kompyuta huweka humo picha na video zake. Ukitaka ipungue, futa video ukiwa ndani ya WhatsApp yenyewe. Na utawakuta mafundi wanaojua kuihamisha "Users" nzima kwenda D kwa amri za kuandika. Inawezekana, na Microsoft wenyewe wanaonya kwamba kompyuta iliyofanyiwa hivyo inaweza kukwama siku ya kupandishwa toleo. Faida inayoongezeka ni ndogo, na siku ikikwama fundi yule utamtafuta kwa simu isiyopatikana.

Wapo pia watakaokwambia uzime "hibernation" ili ulifute faili lake, ambalo kwenye mashine yenye RAM ya GB 8 hufika kama GB 3. Kwenye kompyuta ya mezani sina ugomvi. Kwenye laptopu ya Kyela sikubali. Betri ikikaribia kuisha usiku umeme umekatika, faili hilo ndilo linaloiwezesha Windows kuhifadhi kazi yako ilipofikia na kujizima yenyewe. GB 3 kwa mtihani wa kurasa nne ni bei nafuu.

Wiki chache baada ya mwalimu alikuja kijana kutoka Matema anayepiga video za harusi na misiba. Yeye alikuwa ameshajihamishia mwenyewe, hatua zote sawasawa, isipokuwa D yake ilikuwa diski ya nje, ya kuchomeka. Akiiacha nyumbani kompyuta inalalamika. Akichomeka flashi ya mteja kwanza, flashi inachukua herufi ya D, diski yake inakuwa E, Windows inatafuta "Videos" kwenye flashi ya bibi harusi. Akasema, "Kaka, imerogwa." Nilimpa diski yake herufi ya mbali, M, kupitia "Disk Management", ili isigombanie na flashi yoyote, kisha nikazirudisha folda zake za mfumo C. Diski ya kuchomeka ni ya kuwekea kazi zilizokwisha, unakata na kubandika kwa mkono. Folda za mfumo zinataka diski isiyotoka ndani ya kompyuta.

Alikuwa na lalamiko la pili, kwamba diski ina nafasi tele lakini video ya harusi inakataa kuingia na kuambiwa faili ni kubwa mno. Diski ilikuwa imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Tulitoa vitu vyote, tukaifomati upya kwa NTFS, tukavirudisha. Kabla ya kuhamisha, bofya diski kwa kulia, "Properties", usome imeandikwa nini.

Papo hapo angalia kama C na D zako ni diski mbili kweli, au ni diski moja iliyogawanywa kwa mstari. "Disk Management" itakuonyesha: zikiwa kwenye safu moja, ni diski moja. Kuhamisha bado kutakupa nafasi, na Windows ikiharibika fundi anaweza kuifuta C akapiga Windows mpya bila kugusa D yako. Ila diski yenyewe ikifa, C na D zinakufa pamoja. Zikiwa mbili, ile ya sahani ndiyo dhaifu kwa mtikisiko. Laptopu iliyowaka, imefunikwa tu bila kuzimwa, ikabebwa mgongoni kwa bodaboda, ndani yake kuna sahani inazunguka mara maelfu kwa dakika na sindano inaelea juu yake kwa unywele. Izime kabisa kabla hujapanda pikipiki.

Ukimpelekea fundi kompyuta kupigwa Windows, mwambie kwa maneno kwamba vitu vyako viko D na D isiguswe, kisha uandike kwenye karatasi uigundishe juu ya laptopu, kwa sababu anayepokea mezani siyo anayefanya kazi. Windows mpya haijui anwani zako. Utazielekeza upya kwa hatua zilezile, na ikisema huna ruhusa ya kufungua folda yako mwenyewe, bonyeza "Continue". Laptopu mpya zenye Windows 11 nyingi zinakuja na BitLocker imeshafunga diski kimyakimya. Chukua namba zake za kufungulia, tarakimu 48, uziandike kwenye daftari kabla fundi hajagusa kitu. Bila hizo D itakuwepo, na hutaifungua.

Bado hakuna kati ya haya kilichokupa nakala ya pili. Kilichokuwa C sasa kiko D, ni kilekile kimoja. Tunakaa kwenye tambarare. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka na mvua ya Rungwe ikimwagikia kwetu, na watu wa Mwaya na Katumbasongwe hawahitaji kuelezwa maji yakiingia ndani usiku yanafikia meza ya kimo gani. Mimi nina diski mbili za nje. Moja iko dukani, rafu ya juu. Nyingine iko Tukuyu kwa dada, kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, na kila mwisho wa mwezi nikipanda kumsalimia nazibadilisha. Nauli ningelipa hata hivyo. Kwa upande wa kunakili, ile folda moja yenye jina lako ndiyo inayorahisisha: unaishika folda moja, unaibandika, umemaliza, huhangaiki kukumbuka nini kilikuwa wapi.

Mwalimu alirudi baada ya siku kumi. C yake ilikuwa na zaidi ya GB 66 wazi, mtihani umeshachapwa. Lalamiko lake lilikuwa moja, kwamba Word ikimwonyesha orodha ya barua za karibuni, akibofya inasema faili halipo. Orodha ile inakumbuka anwani za C. Ukifungua barua mara moja kutoka mahali pake papya inajirekebisha. Faili lake la Excel la matokeo, linalovuta alama kutoka mafaili mengine manne, lilifunguka vizuri kwa sababu yote matano yalikuwa folda moja na yalisafiri pamoja.

"Ndaga fijo," akanishukuru, akaanza kuifunga laptopu kwenye khanga.

Nikamkumbusha ile nakala ya "Documents" iliyobaki kwenye flashi yangu, alama za wanafunzi wake zote zimo. Nikamuuliza kama naweza kuifuta sasa.

"Iache kwanza mpaka Jumatatu," akasema. "Nitakuja na flashi yangu."

Jumatatu alikuja nayo. Mpya, bado iko kwenye karatasi yake, na jina la shule ameshaliandika kwa kalamu ya wino.